Bwana Shamba na Betri za Kuanikwa

Watu wa kwetu Ntobeye walikuwa na sababu nyingi za kutompenda Bwana Shamba, lakini kubwa ilikuwa hii: hakujua kumpoza mtu. Ukimpeleka kwenye mbuni wako ulionyauka, ukitaka akwambie kwamba mvua ikija labda utachipua, aliukwangua gome kwa ukucha, akatazama, akasema, "Umekufa. Ng'oa." Halafu akapanda baiskeli yake akaenda. Maafisa wengine wa serikali walikuwa wamejifunza kusema "tutaona" na "tutalifanyia kazi". Yeye maneno hayo hakuwa nayo, na nadhani ndiyo maana hakupandishwa cheo miaka yote aliyokaa kwetu.

Jina lake la ubatizo nalijua. Nikilitaja hapa hakuna atakayejua namsema nani, kwa sababu hata mke wake alimwita Bwana Shamba, na watoto wake walikuwa watoto wa Bwana Shamba mpaka walipooa na kuolewa.

Alitembea na kamba ya katani yenye mafundo. Fundo hili ni la kahawa, hili la mahindi, hili la maharage. Aliivuta kutoka mwisho mmoja wa shamba la kijiji hadi mwingine, na ole wako uchimbe shimo nje ya fundo. Lakini bustani yake mwenyewe, nyuma ya nyumba, ilikuwa aibu tupu. Mahindi yalisimama ovyo, moja huku, matatu kule, na maboga yakatambaa juu ya yote. Mama mkwe wangu, ambaye hakumwogopa mtu, alimchokoza siku moja kutoka barabarani.

"Bwana Shamba, hiyo kamba haijui njia ya nyumbani kwako?"

"Nyumbani nafika nimechoka, mama," akajibu, na hakucheka.

Wakati wa operesheni ya kutuhamishia vijijini alikuwa miongoni mwa waliokuja kutuambia tuache vibanja vyetu, mashamba ya migomba ya nyumbani. Wenzake walisimama wakaahidi bomba la maji, zahanati, shule yenye bati. Kisha akapewa nafasi yeye. Mzee mmoja akamwuliza migomba yetu itakuwaje. Akasema, "Mtaiacha, na isipopaliliwa itakufa." Mzee akauliza kama kweli huko tuendako maji yapo. Akasema, "Maji sijui. Mimi ni wa mazao." Mwenyekiti alimvuta shati akae chini. Tuliondoka tukimlaani yeye kuliko wale waliotuahidi bomba, na bomba halikuja, na migomba ikafa, na ndipo watu wakaanza kidogokidogo kumpelekea maswali yao. Walimpelekea kwa shingo upande, lakini walimpelekea.

Kitu kimoja tu kilimfanya awe mtu mwingine, nacho ni redio. Katika stoo yake ya pembejeo, nyuma ya magunia ya mbolea na mapipa ya dawa ya kahawa, alikuwa na meza ya redio zilizokufa. Hakuwa fundi wa kulipwa. Alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kuharibu. Redio ya mwenyekiti aliiunguza kabisa, na mwenyekiti hakumsamehe. Vipande vidogo alivihifadhi kwenye makopo ya mbegu, na chuma cha kulehemea alikipasha kwenye jiko la mkaa. Na ajabu ni kwamba mtu yule yule aliyeukatia tamaa mbuni kwa neno moja, ukimpelekea redio iliyoanguka mtoni, aliisogeza sikioni, akaitikisa, akasema, "Hii bado." Nilimsikia akisema "bado" kwa redio ambazo mimi ningezifanya mabanda ya vifaranga.

Ndiyo maana alikuwa na mazoea yake ya kusalimia. Ukimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba. Redio imesema nini?" Alimwuliza kila mtu, mwenye redio na asiye nayo. Wasio nayo walimwona anawadhihaki.

Yetu ilikuwa ya betri nne kubwa. Baba Koletha, mume wangu, aliinunua msimu kahawa ilipolipwa vizuri, na ilikaa juu ya kabati kwenye kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Vijana wa sasa wanaotupa betri zikichoka hawataelewa jinsi tulivyoishi na zetu. Betri ikichoka haikutupwa, ilianikwa. Asubuhi ulizitoa kwenye redio, ukazipanga juani pamoja na mihogo, zikashinda hapo, jioni ukazirudisha, na redio ikapata nguvu ya kusema habari na nyimbo mbili tatu. Kesho yake ulianza tena. Kuanika ilikuwa kazi ya mama mkwe, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda nyumbani na fimbo ya kufukuza kuku.

Sasa fikiria betri zinazotolewa na kurudishwa kila siku, na mama aliyeanza kuona ukungu machoni. Jioni moja alizirudisha kichwa chini miguu juu, zote. Redio ikatoa harufu mbaya. Mama mkwe akaifunika kwa kitambaa akasema, "Redio imerara." Haikuwa imelala. Baba Koletha aliipeleka kwa Bwana Shamba, akakaa nayo wiki nyingi, akaitafutia transista kwenye maiti za redio nyingine, mpaka ikasema.

Siku alipoirudisha alitukalisha chini akatuonyesha kitu cheusi, kidogo kama punje ya mchele, chenye waya huku na huku na mstari mweupe upande mmoja. "Hii ni dayodi," akasema. "Umeme ukija kwa njia yake, anaufungulia. Ukija kinyume, anafunga mlango. Mama akikosea tena, redio itanyamaza tu, haitaungua. Ni mlinzi."

Mume wangu akafurahi. Mwingine angeishia hapo. Bwana Shamba akaendelea, "Lakini mlinzi huyu anakula. Anachukua karibu nusu ya betri moja, kila mara, kabla redio haijaonja kitu."

"Na sisi tutapungukiwa nini?" akauliza baba Koletha.

"Betri zikiwa mpya hamtajua. Zikichoka mtajua."

Tulikuja kujua wakati wa vita. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mume wangu alikuwa mgambo, na mgambo waliitwa. Malori yalijaa kwenye uwanja wa shule, wakaimba, wakapanda. Hakuwa mtu wa barua, na mimi nililijua hilo. Alichoniambia mlangoni ni kwamba redioni kulikuwa na kipindi cha salamu za wapiganaji kwa watu wa nyumbani, jioni moja kila juma, wakisoma mkoa kwa mkoa na wilaya kwa wilaya. "Sikiliza salamu," akasema. "Nitakusalimu humo." Akamgeukia mama yake akamwambia aangalie betri zisinyeshewe.

Basi hicho ndicho nilichobaki nacho. Nililima shamba la kijiji, nikalima letu, nikapika, na juma zima nilikuwa nangoja jioni ile moja. Duka la ushirika lilikuwa limebaki na rafu na karani. Sukari hakuna, sabuni hakuna, betri usiulize. Zetu zilikuwa zimevimba na kutoa majimaji, na jua lilizipa nguvu ya kunong'ona tu. Redio ilisema robo saa kisha ikakata. Nikaenda kwa Bwana Shamba.

"Shikamoo Bwana Shamba."

"Marahaba. Redio imesema nini?"

"Haisemi. Nimekuja unitolee yule mlinzi wako. Anakula chakula cha mgonjwa."

"Siwezi."

"Redio ni yangu."

"Redio ni yako, na betri anarudisha mama mkwe wako. Akikosea mara moja, transista za kurudishia sina. Biharamulo hazipo, Mwanza hazipo. Utabaki na sanduku."

"Nitazirudisha mwenyewe."

"Unashinda shambani mpaka jua linazama. Mvua ikinyesha saa nane nani atazianua?"

Akaona uso wangu, na nafikiri hata yeye aliona ameupiga mlango kwa nguvu mno, kwa sababu akavuta kopo la mbegu akalimimina mezani. Akanieleza kwamba kuna dayodi za namna nyingine, za madini yanayoitwa jerimani, zinazokula kidogo sana kuliko zile za silikoni. Alikuwa nazo, vioo vyembamba vyenye kiwaya ndani. Lakini hizo, akasema, kazi yake ni kuchuja sauti, si kulisha redio nzima. Alikuwa ameshaijaribu moja na ikaungua. "Nitatafuta," akasema. Nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko nilivyokwenda.

Jioni ya salamu ilipofika, majirani walijaa sebuleni kwetu. Mama mkwe alikuwa amezianika betri siku mbili bila kuzitumia. Mtangazaji alianza na mikoa ya mbali. Akaja mkoa wetu. Akasoma Bukoba, akasoma Muleba, akasoma Biharamulo, na sauti ikaanza kupungua. Nikasogeza sikio mpaka nikaigusa. Akasema, "Wilaya ya Ngara." Akasoma jina moja, la kijana wa Keza. Kisha redio ikakata.

Mama mkwe alizitoa betri akazibana makwapani zipate joto, akazirudisha, akaniomba niangalie kama hakukosea. Hakukosea. Tulipata neno moja na nusu, halikuwa jina. Majirani wakaaga mmoja mmoja.

Asubuhi nilikuwa barabarani kabla ya kuku kushuka. Bwana Shamba alitokea akikokota baiskeli, suruali imelowa umande mpaka magotini, nikadhani anatoka kwenye mashamba ya watu. Sikumwamkia. Nilimwambia, "Mlinzi wako amekula jina la mume wangu."

Alifungua mdomo. Nilijua kitu kikali kinakuja, kwa sababu kwake hakijawahi kuja kingine. Akaufunga. Akatazama baiskeli yake.

"Nipe hiyo redio," akasema.

Aliirudisha kesho kutwa. Kile cheusi hakikuwamo. Mahali pake palikuwa na kikofia cha chuma chenye miguu mitatu, mmoja umekunjwa bila kuunganishwa. Akasema ni transista ya jerimani, ila ameitumia kama dayodi, kwa miguu miwili tu. Inalinda kama ile, na haili hata nusu ya ilichokula ile. Mama mkwe akauliza kama ni ya Wajerumani wale waliojenga boma Biharamulo, na kama ni ya kwao basi itadumu. Bwana Shamba akasema itadumu. Mimi nikauliza ameipata wapi, maana alikuwa ameniapia kwamba hakuna.

"Ilikuwa kwenye yangu," akasema.

Tangu siku hiyo redio yetu ilisema kwa betri ambazo hazikuweza hata kuwasha balbu ya tochi. Ya kwake ilinyamaza. Jioni za salamu alikuja kwetu, akageuza kinu, akakaa juu yake nje ya mlango, akidai amekuja kukagua kazi yake. Ngara iliposomwa alitazama chini. Tulisikia majina ya wana wa watu wengi, mengine mara mbili. La baba Koletha halikusomwa. Kipindi kilipokwisha alisema, "Haya," akarudisha kinu kama alivyokikuta.

Vita vikaisha. Malori yakarudi, yakashusha watu, na mimi nikasimama uwanjani mpaka dereva alipofunga bodi la nyuma. Baadaye wakaja watu wawili kutoka wilayani wakaomba kukaa na mama mkwe.

Kwenye msiba kila mtu alileta neno lake. Mungu amempenda zaidi. Amekufa shujaa. Taifa halitamsahau. Bwana Shamba alikaa siku zote za matanga bila neno, na nilipotoka kwenda kuteka maji akanifuata mpaka kwenye mgomba wa mwisho. "Hatarudi, Mama Koletha," akasema. "Mvua zimeanza. Lima." Nilimchukia kwa hilo mwezi mzima. Na nililima, na tukala mwaka ule. Wale wa taifa halitamsahau sikuwaona tena.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho nilikishika na sikukiachia. Jioni ile redio ilipokata, Ngara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Baba Koletha alisema atanisalimu, naye hakuwa mwongo. Basi alinisalimu jioni ile, na dayodi ya Bwana Shamba ikaila salamu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watoto, na Koletha alikua akijua kwamba baba yake alitutaja sote kwa majina, hata yeye aliyekuwa mgongoni. Kwa Bwana Shamba nilibaki na kinyongo hicho, na yeye alikibeba bila kujitetea. Tangu wakati huo redio ikianza salamu za aina yoyote, za harusi, za sikukuu, niliizima.

Alihamishiwa Biharamulo, na kwa miaka mingi sikumwona. Mama mkwe alifariki. Koletha akaolewa Nyabusozi, huko huko Biharamulo, na siku moja nilipokwenda kumtazama mjukuu akaniambia, "Mama, yule Bwana Shamba wenu amejenga hapa juu. Haoni vizuri siku hizi." Safari iliyofuata nilibeba redio. Ilikuwa bado inasema. Nilitaka kumrudishia kitu chake, maana kukaa na kitu cha mtu unayemnunia si vizuri.

Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba, amekonda, anachambua maharage kwa vidole. Bustani ilikuwa kama ile ya Ntobeye, maboga juu ya kila kitu.

"Shikamoo Bwana Shamba."

Akageuza uso. "Marahaba, Mama Koletha. Redio imesema nini?"

Nikamwambia nimekuja kumrudishia transista yake. Akaipokea redio, akafungua mlango wa betri kwa kidole gumba, akapapasa ndani muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake alete kandambili iliyokatika. Akanielekeza nikate kipande cha mpira, mviringo mdogo wenye tundu katikati, nikibandike kwenye bati linalopokea kichwa cha betri. Kichwa cha betri kimechongoka, akasema, kitapita kwenye tundu. Ukiigeuza, kitako ni bapa, kitagonga mpira, hakitagusa. Redio haitaungua.

"Na huyu anakula kiasi gani?" nikauliza.

"Hali kitu." Akamrudishia mjukuu kandambili. "Miaka yote ile natafuta mlinzi anayekula kidogo, na kandambili nimezivaa miguuni. Hili nimelifikiria nikiwa nimestaafu."

Tukacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Nikakata waya za ile transista kwa wembe, nikazisokota pamoja zilizobaki redioni kama alivyoniambia, nikaiweka kiganjani mwake. Na kwa kuwa tulikuwa tumecheka, nikasema bila ubaya, "Kama mpira huu ungekuwapo jioni ile, ningemsikia baba Koletha."

Alizungusha kile kikofia cha chuma kati ya vidole.

"Usingemsikia," akasema.

Nikaweka wembe chini.

"Jioni ile nilikuwa kwa mapadri. Nilijua betri zako hazitavuka Ngara, na zangu zilikuwa hivyo hivyo, nikaenda nikusikilizie. Walisoma Ngara yote mpaka mwisho. Hakuwemo."

"Labda hukusikia vizuri."

"Nilisikia vizuri. Redio ya mapadri ilitumia betri ya gari. Nililala huko, asubuhi nikaja nikwambie. Ukaniwahi barabarani. Ukasema mlinzi wangu amekula jina lake."

"Na hukusema kitu."

"Niliona jina umeshalipata. Ningekunyang'anyaje?"

Nilikaa pale nikiona hasira inapanda, kisha nikakosa mtu wa kumpa. Nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini ananiambia leo. Akaitia transista kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo kwa shida.

"Umekuja kunirudishia kitu changu," akasema. "Sikuweza kukipokea huku nimekaa na chako."

Mjukuu alituletea uji. Tukanywa. Aliniuliza habari za mibuni ya Ntobeye, nami nikamwambia mingi ina ugonjwa, na yeye akasema ing'olewe.

Nilirudi kwetu. Koletha sikumwambia, na sijui kama nitamwambia. Jioni niliweka betri, mpya, za dukani. Nilizitia kwa kuzigeuza kwanza, makusudi, nikaona redio imenyamaza kama alivyosema. Nikazitia sawasawa, ikasema, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baada ya habari wakaanza salamu, watu wa mahali fulani wakiwasalimu watu wa mahali fulani. Mkono ulikwenda kwenye swichi wenyewe. Nikaurudisha mapajani, nikasikiliza majina yote mpaka ya mwisho, na hapakuwa na jina hata moja nililokuwa nikilingoja.